Sinema Haimo Kwenye Menyu: Madai Manane ya Wapiga Video, na Majibu Yake

Kwenye studio za video za mitaani, iwe Dar es Salaam au Nairobi, swali ni lile lile: nifanyeje video yangu ikae kisinema? Majibu nayo ni yale yale, mafupi na ya kujiamini: weka fremu 24, fungua lenzi yote, piga logi, bandika LUT, weka mistari myeusi juu na chini. Kila jibu lina chembe ya ukweli, ndiyo maana limedumu. Kasoro yake ni kwamba limeachana na sababu iliyolizaa, na setingi isiyojulikana sababu yake huvaliwa kama hirizi: mtu anaitegemea, lakini hajui inamkinga na nini.

Hoja ya makala haya ni moja. Kamera ikiachiwa huamua mambo kila wakati: mwanga uwe kiasi gani, nyeupe iwe ipi, nani awe kwenye fokasi. Picha ya sinema ni ya mtu aliyeamua hayo yote kabla ya kurekodi, akaifunga kamera isimgeuzie uamuzi katikati ya shoti. Setingi inayofaa ni ile inayolinda uamuzi huo. Tuyapitie madai moja moja.

Dai la 1: "Weka fremu 24 kwa sekunde, utapata sinema."

Fremu 24 hazikuchaguliwa kwa uzuri wake. Enzi za filamu bubu kasi ilipanda na kushuka, kuanzia fremu 16 hivi, kwa kuwa mpiga picha aliizungusha kamera kwa mkono. Sauti ilipoingia, hasa baada ya The Jazz Singer ya mwaka 1927, ilibidi kasi iwe moja, maana sikio hugundua upesi sauti inayoyumba. Kasi ya 24 ilitosha kutoa sauti safi bila kula filamu nyingi, na filamu ilikuwa fedha. Baada ya karibu karne nzima, macho yameizoea kuwa ndiyo kasi ya hadithi. Mazoea hayo yana nguvu kweli: Peter Jackson alipoonyesha The Hobbit: An Unexpected Journey mwaka 2012 kwa fremu 48, watazamaji wengi walilalamika kwamba inafanana na tamthilia ya runinga.

Kwa hiyo dai lina msingi. Linapopotoka ni pale linapoifanya 24 kuwa namba ya miujiza. Runinga za Tanzania, Kenya na Uganda zilijengwa juu ya mfumo wa PAL, wenye fremu 25 kwa sekunde. Filamu ya Hollywood ikipelekwa kwenye PAL kwa kawaida iliharakishwa kidogo kutoka 24 hadi 25, ikawa ya dakika 100 inaisha kwa dakika 96, na hakuna aliyeinuka sebuleni kulalamika kwamba sinema imepungua. Jicho haliioni tofauti ya fremu moja. Linaona tofauti ya 25 na 50. Kwa kazi ya huku kwetu 25 ni chaguo zuri, na sababu yake iko kwenye nyaya za umeme, kama dai linalofuata litakavyoonyesha. Baadhi ya kamera hazikuonyeshi 25 mpaka uhamishe menyu kutoka NTSC kwenda PAL.

Halafu kuna runinga ya mteja. Nyingi hutoka dukani zikiwa zimewashwa kazi ya kulainisha mwendo, ambayo hubuni fremu za ziada na kuifuta kabisa kasi uliyoichagua. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video nzima kuwaomba watazamaji waizime. Mteja akisema kazi yako "imekaa kama tamthilia", omba rimoti kwanza kabla hamjagombana.

Dai la 2: "Shata iwe mara mbili ya fremu. Hiyo ni sheria."

Asili ya kanuni hii ni kipande cha chuma. Kamera za filamu zilikuwa na kisahani kinachozunguka mbele ya filamu. Nusu yake ikiwa wazi, yaani nyuzi 180, kila fremu hupata mwanga kwa nusu ya muda wake: fremu 24 hutoa 1/48 ya sekunde, fremu 25 hutoa 1/50. Katika muda huo mkono unaopunga huacha ukungu kidogo, na ukungu huo ndio unaoishikanisha fremu moja na inayofuata. Pandisha shata hadi 1/500 na kila fremu inakuwa kali kama picha ya mnato. Mwendo unaanza kurukaruka.

Ila sheria hii imevunjwa na watu wenye akili zao. Kwenye Saving Private Ryan (1998), mpiga picha Janusz Kamiński alibana kisahani hadi nyuzi 90 na 45 katika mapigano ya ufukwe wa Omaha, ili mchanga unaorushwa na mabomu uonekane punje kwa punje na mtazamaji akose raha. Alikuwa na sababu. Video ya harusi iliyopigwa kwa 1/500 haina sababu. Ina jua tu, na jua ndilo lililoamua.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo masomo ya Kimarekani hayaligusi. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa Hz 50, kwa hiyo taa nyingi zinazoutegemea hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kujua. Shata ya 1/50 hukusanya mapigo mawili kamili ya taa. Ya 1/100 hukusanya moja kamili. Ya 1/60, inayonakiliwa kutoka kwa mwalimu mwenye umeme wa Hz 60 nyumbani kwake, hukusanya pigo moja na kipande. Matokeo utayakuta kwenye video nyingi za ukumbini: mikanda mipana ya giza inayoukata ukuta nyuma ya maharusi. Ukirekodi fremu 25, mikanda husimama hapo hapo. Ukirekodi 24 au 30, hutembea kupanda au kushuka, na kuiondoa wakati wa kuhariri ni adhabu. Taa za LED za bei ya chini na skrini za jukwaani zina mapigo yake zenyewe, hivyo rekodi majaribio kabla wageni hawajaingia, ukiisogeza shata kidogo kidogo mpaka mikanda ipotee.

Dai la 3: "Fungua lenzi mpaka mwisho. Ukungu wa nyuma ndio sinema."

Dai hili lina mwaka wake wa kuzaliwa. Mwaka 2008 Canon ilitoa 5D Mark II, kamera ya picha za mnato yenye kihisi kikubwa na uwezo wa kurekodi video. Watu waliozoea kamkoda za kihisi kidogo, ambazo uso wa mtu na ukuta wa nyuma huonekana kwa ukali ule ule, walipata ghafla mandhari ya nyuma iliyoyeyuka. Tangu hapo ukungu ukachukuliwa kuwa sinema yenyewe.

Historia ya sinema inakataa. Mwaka 1941, kwenye Citizen Kane, mpiga picha Gregg Toland alifanya kinyume: alibana tundu la lenzi na kuongeza taa, ili mama anayetia saini ya kumtoa mwanawe awe wazi, na mtoto anayecheza kwenye theluji nje ya dirisha awe wazi vilevile. Uchungu wa tukio hilo uko hasa kwenye kuwaona wote wawili kwa pamoja. Na Stanley Kubrick, aliyetumia lenzi ya Zeiss ya f/0.7 kwenye Barry Lyndon (1975), aliihitaji kwa sababu alikuwa akipiga vyumba vilivyowashwa mishumaa.

Hesabu yenyewe ni kali. Lenzi ya milimita 85 kwenye kihisi cha fremu kamili, mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, ukifungua f/1.4 sehemu iliyo kwenye fokasi ina kina cha sentimita 5 hivi. Jicho la karibu liko wazi, sikio limeshapotea. Bibi harusi akicheka na kuinama mbele, uso wote umetoka. Funga hadi f/4 upate kama sentimita 13, zinazotosha kutoka pua hadi masikio.

Na kabla ya kufungua, tazama nyuma ya mtu kuna nini. Anayempeleka msanii Mji Mkongwe, Zanzibar, kisha akaufuta mlango wa nakshi kwa f/1.4, angeweza kumsimamisha mbele ya gereji yoyote akaokoa nauli ya boti. Picha hupata kina pia kwa kumtoa mtu ukutani hatua tano au sita, kuweka kitu mbele yake, na kuacha mwanga wa nyuma utofautiane na wa usoni.

Dai la 4: "Mchana huhitaji vifaa. Jua ni taa ya bure."

Bure kweli, lakini lina masharti. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema jua likiwa wazi weka f/16, na shata iwe sekunde moja iliyogawanywa kwa ISO. Chukua ISO 800, ambayo kwenye kamera nyingi ni miongoni mwa za chini zinazokubalika kwa logi. Jua linataka f/16 na 1/800. Wewe unataka 1/50: mwanga umeshazidi kwa stopu nne. Unataka pia f/2.8: ongeza stopu tano. Jumla tisa, na kila stopu ni mara mbili ya iliyotangulia, kwa hiyo mwanga umezidi mara 512. Bila filta ya ND, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga, mbele ya lenzi utapandisha shata au utabana tundu, na uamuzi wako umekwisha hapo. ND ya kuzungusha nayo ina mpaka: ukiikaza hadi mwisho, hasa ya bei nafuu, huchora msalaba wa giza katikati ya picha.

Kisha kuna mahali jua lilipo. Jua letu la saa sita mchana liko karibu utosini kwa sehemu kubwa ya mwaka. Macho yanageuka mashimo na kivuli cha pua kinashukia mdomoni. Isitoshe, karibu na Ikweta jua huzama wima, kwa hiyo ule mwanga laini wa jioni ambao wenzetu wa kaskazini mwa Ulaya wanaufaidi kwa muda mrefu wakati wa kiangazi, hapa haufiki saa nzima. Ratiba ndiyo setingi ya kwanza: shoti za nje za nyuso ziwekwe baada ya saa kumi na moja jioni, za ndani na za chini ya paa ziwekwe saa sita. Ikibidi mchana, mgeuze mtu alipe jua kisogo, na uso wake upate mwanga unaorudi kutoka kwenye ukuta wa chokaa au shuka jeupe lililoshikwa na watu wawili.

Dai la 5: "Kamera za siku hizi zina akili. Acha otomatiki."

Akili ya kipima mwanga kwa asili yake ni akili ya wastani. Hukisia kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikijumlishwa, ni vya kijivu, kisha hupunguza au kuongeza mwanga mpaka viwe hivyo. Msimamishe bibi harusi wa ngozi nyeusi, mwenye shela jeupe, mbele ya ukuta mweupe: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza, na uso wake unazama. Sogea kwa bwana harusi mwenye suti nyeusi: kamera inaongeza, na keki iliyo nyuma yake inaungua yote nyeupe. Mambo hayo yanatokea ndani ya shoti moja, mbele ya macho ya mtazamaji. Rangi nazo hufanya hivyo hivyo. DJ akiwasha taa ya zambarau, kamera hujitahidi kuisahihisha, na ngozi ya mtu aliyekuwa wa kahawia inageuka ya majivu. Ifunge mizani ya rangi nyeupe, karibu Kelvin 5600 kwa mwanga wa mchana na 3200 kwa balbu za njano, usiiguse mpaka mhame eneo.

Fokasi ndiyo eneo pekee ambalo otomatiki imepiga hatua kubwa. Itumie, ila iambie kamera ni uso wa nani. Ukiiachia ichague, itamfuata mhudumu anayepita na trei ya soda.

Hata anayepima kwa mkono amerithi kipimo cha wengine. Mafunzo mengi husema mistari ya zebra, inayoonyesha kiwango cha mwanga kwenye skrini ya kamera, iwe asilimia 70 usoni, kipimo kilichozoeleka kwa ngozi nyeupe. Ukiupandisha uso mweusi hadi hapo, unapauka na kila kilicho nyuma yake kinaungua. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Taa moja pana na laini, iliyowekwa ubavuni, ikichora ukingo wa shavu na paji la uso, huipa uhai usioweza kupatikana kwa kupandisha ISO. Anayetaka ushahidi atazame Moonlight ya Barry Jenkins (2016), iliyopigwa na James Laxton: nyuso zimeachwa na weusi wake, na zinang'aa.

Dai la 6: "Piga logi, LUT itamaliza kazi."

Logi ni namna ya kuhifadhi. Hubana mwanga mwingi, tangu kivulini hadi kwenye wingu jeupe, ndani ya faili moja, na kutoa picha iliyopauka inayosubiri kufanyiwa kazi. Kazi hiyo inahitaji data. Rekodi ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi. Ya biti 10 ina 1,024. Ukizibana stopu zaidi ya kumi ndani ya ngazi 256, kisha ukazinyoosha upya, anga la bluu juu ya bahari linagawanyika vipande vyenye kingo. Mwenye kamera ya biti 8, au mwenye mteja anayetaka video ichezwe ukumbini usiku huo huo, atumie wasifu wa kawaida, apunguze kontrasti kidogo na ashushe ule ukali wa kingo ambao kamera huuongeza yenyewe. Ukali huo wa bandia ndio unaozipa video nyingi sura ya runinga, na kuushusha ni bure.

LUT nayo, yaani faili la kugeuza rangi, hutengenezwa kwa logi maalumu na kwa kipimo maalumu cha mwanga. Iliyoandaliwa kwa S-Log3 ya Sony ukiibandika kwenye C-Log ya Canon, rangi zinakataa. Na hata ikikubali, haiwezi kuleta rangi ambayo haikuwepo. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2018, inakumbukwa kwa rangi zake za kuchangamka, na rangi hizo zimo kwenye nywele za mhusika Ziki na kwenye mavazi kabla hazijafika kwenye kompyuta. Fundi nguo na msusi wamefanya kazi ambayo wengi huiagizia programu.

Dai la 7: "Bila kamera ya mamilioni na 4K, usijisumbue."

Hapa jibu ni orodha. 28 Days Later ya Danny Boyle (2002) ilipigwa kwa sehemu kubwa kwa Canon XL1, kamera ya kanda za MiniDV. Skyfall (2012), ambayo Roger Deakins aliipiga kwa ARRI Alexa, ilitokana na picha zenye upana wa pikseli 2,880, hazifiki 4K. Tangerine ya Sean Baker (2015) ilipigwa kwa iPhone 5s zilizofungwa lenzi ya nyongeza.

Lakini wanaoitumia orodha hii kujifariji nao wasikilize upande wa pili. The Creator ya Gareth Edwards (2023) ilipigwa kwa Sony FX3, kamera ambayo mpiga video wa harusi mjini anaweza kuikodi, na filamu hiyo inakadiriwa kugharimu dola milioni 80. Fedha hizo hazikuingia kwenye kamera. Ziliingia kwenye safari za maeneo, watu, vifaa vingine na kazi ndefu ya kompyuta baada ya kupiga. Bei ya kamera imeshuka mno, bei ya kilicho mbele yake haijashuka, na hapo ndipo bajeti ndogo inapotakiwa kufikiri zaidi.

Dai la 8: "Mistari myeusi juu na chini, na gimbali."

Haya tuyapitie haraka. Mistari myeusi hutokana na picha pana inapowekwa kwenye skrini isiyo pana kama hiyo. Upana huo ulivuma na CinemaScope, iliyoanza na The Robe mwaka 1953. Umbo hilo lina maana kwa aliyepanga shoti zake kwa upana huo. Anayeibandika mistari wakati wa kuhariri amekata vichwa vya watu tu. Ida ya Paweł Pawlikowski (2013) ina umbo la karibu mraba, na hakuna anayeuliza kama ni sinema.

Gimbali nayo, kishikio cha kutuliza kamera, ni kifaa kizuri cha mwendo wenye nia: mtu anaingia nyumbani, tunaingia naye. Asiye na nia huzunguka maharusi mara tatu mpaka wanasahau watazame wapi. Yasujirō Ozu alitengeneza kazi kubwa za sinema ya Japani akiwa na kamera iliyotulia chini, karibu isisogee kabisa.

Basi ufanyeje?

Tafuta kwanza mwanga unatoka wapi, na mtu asimame wapi. Halafu fremu 25, shata 1/50, ND mpaka upate tundu unalolitaka, ISO moja, nyeupe moja, uso mmoja kwenye fokasi, ukali wa kingo chini. Kwa aliyezoea, hiyo ni kazi ya dakika chache, na baada yake menyu haina tena cha kukupa. Muda uliobaki ni wa taa, nguo, ukuta wa nyuma na macho ya mhusika yanatazama wapi. Mwenye fedha ya kukodi kitu kimoja tu zaidi ya kamera akodi taa moja pana na mtu wa kuishika. Na atakayekuletea setingi mpya, mwulize inalinda uamuzi gani. Akikosa jibu, iache hapo hapo ilipo.